Udongo wa Visigino

Muuguzi wa wagonjwa mahututi ana miguu iliyovimba kwa kusimama, kiti hakijui. Daktari akishawaambia ndugu kwamba hakuna tena la kufanya, yeye huchota maji ya uvuguvugu, huinama huku akiguna, na kumsugua mgonjwa miguu mpaka udongo mwekundu wa shamba utoke kwenye nyufa za visigino. Haulizwi, haelezi. Leo mchana ilikuwa zamu ya Emilian, mkulima wa Mbulumbulu. Udongo ukagoma.

“Huo hutauweza, sista,” Petronila, mkewe, akasema taratibu. “Mimi nausugua mwaka wa arobaini huu.”

Muuguzi akamwachia kitambaa. Kisha akavuta kiti, akakaa, akalipakata beseni mpaka mguu wa pili ulipotakata.