Ngazi ya Matundu na Shikamoo ya Mkwe

Jumatano, 17 Mei 1961. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, ikapumua kidogo adhuhuri, kisha ikaanza tena.

Leo nimeaibika, na bora niandike mwenyewe kabla hadithi haijaenea Mikindani nzima ikiwa imeota mikia (ingawa kwa namna akina mama wale walivyoondoka wakisimuliana, nadhani imeshafika, na mikia yake).

Mimi ni mweka stoo wa kinu cha mafuta ya nazi hapa Changamwe. Juu kuna dari ambako akina mama huchambua mbata, zile nazi kavu za kukamuliwa mafuta, na ngazi ya kupandia ilikuwa ya mbao iliyokunywa mafuta miaka na miaka, inateleza kama bamia. Juzi juzi mama mmoja alianguka akateguka kiuno, ndipo meneja akaniita akasema nichague vikanyagio vipya, kwa kuwa mimi ndiye nishikaye vyuma kila siku. Shule yangu ni ndogo, nikaogopa, nikaomba kwanza niletewe vipande vya kujaribu: mbao ngumu, bati nene lenye vipele, na chuma cha matundu matundu chenye meno ukingoni. Nikavimwagia mafuta, nikavikanyaga kwa viatu, nikavikanyaga kwa miguu mitupu, maana wengi wetu hapa hatuvai viatu kazini. Mbao ilinitupa. Bati lilikuwa afadhali, ila mafuta yalituama katikati ya vipele. Chuma cha matundu kiliyaachia mafuta yote yakapita chini, na meno yake yalishika unyayo bila kuumiza, yanakwaruza tu kama jiwe la kusugulia magaga. Nikachagua hicho. Meneja akanisifu mbele ya watu, nami (lazima niseme kweli) nikavimba kichwa. Nilifikiria nyayo, nikafikiria mafuta, nikafikiria hata kutu, lakini mtu atakayesimama chini sikumfikiria kabisa.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya kuipanda ngazi mpya. Kaptura yangu ilikuwa imeloa chepechepe kwa mvua, nikaianika karibu na tanuri, nikafunga kikoi, nikaingia chini ya ngazi na spana yangu nikaze nati. Nikiwa huko akina mama wakaanza kupanda. Nikainua macho kutafuta nati, nikaona nyayo, na juu ya nyayo pindo la kanga ninayoijua, kwa sababu niliinunua mimi mwenyewe Idi iliyopita. Bi Mwanasiti, mama mkwe wangu!

Ningefumba macho nikanyamaza angepita zake, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini mkwe haachwi apite bila salamu, ndivyo nilivyolelewa, na ulimi ukaitangulia akili.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, baba," akajibu kwa upole, akatazama mbele, akatazama nyuma, halafu, yarabi, akatazama chini.

Alipiga ukelele, akakusanya kanga, akakaa kitako palepale kwenye kikanyagio. Waliomfuata wakamgonga, kikapu cha mihogo ya mchana kikapinduka, na mimi nikakurupuka kutoka nikajibamiza kichwa kwenye chuma nilichokichagua mwenyewe.

"Ala! Stoo imehamia chini ya ngazi?" mmoja akauliza.

"Mwacheni, anakagua mali," mwingine akadakia.

Wakacheka, ila Bi Mwanasiti hakucheka, alijifunika uso. Wakashuka wote, na kupanda tena wakakataa.

Meneja akaja (si mtu mbaya, nisimwonee, kinu kilikuwa kimesimama na lori lasubiri nje). "Kwa nini mama hapana panda? Ngazi mpya, ngazi mzuri!"

Nani amwambie?

"Haya. Kesho mimi naandika wanaume."

Hapo mzaha ukakoma. Bi Mwanasiti ni mjane, anakula kwa mbata zile, na wenzake vivyo hivyo, nikaona kwamba wataonekana wakaidi na kupoteza kazi kwa sababu ya chuma changu.

"Bwana, kosa ni la ngazi, na ngazi nimeichagua mimi."

"Kosa gani? Inateleza?"

"Haitelezi. Inaonyesha."

Hakuelewa. Nikaeleza kwa heshima, nikazungusha maneno, na kila nikizungusha yeye akazidi kukagua nati. Mwisho nikamwomba asimame pale chini niliposimama, kisha nikapanda mwenyewe na kikoi changu hadi katikati ya ngazi, huku akina mama wakigeukia ukutani, Mungu awabariki (mmoja nilimwona akichungulia, simtaji).

Meneja akainua kichwa. "Basi! Basi! Shuka!" Akajifunika macho kwa kofia, akaongeza kwa sauti iliyofika mpaka mashineni kwamba mweka stoo anunue chupi mpya. (Kiraka kipo, cha gunia la unga, lakini mke wangu amekishona vizuri.)

Tumeafikiana mabati yapigwe chini ya vikanyagio kwa mteremko, mafuta yachirizike hadi kwenye debe, na ubavuni pia pazibwe. Mpaka kazi hiyo iishe akina mama watachambulia chini, wote, hakuna wa kuondolewa. Wazo la kuchambulia chini ni la meneja, sifa hiyo apewe yeye.

Mimi nimeapa kwamba nikichagua kikanyagio tena sitakijaribu kwa mguu peke yake, nitaweka na jicho chini yake, na nikiwa chini ya ngazi nitakuwa bubu, hata akipita kadhi.

Jioni Bi Mwanasiti alikuja kwetu. Nilisikia akivua makubazi mlangoni, nikakimbilia uani. Tumekula wali wa nazi na mchuzi wa papa, wao ndani, mimi nje na sahani yangu gotini, nikimsikia akimsimulia mke wangu kisa chote, kikoi, kiraka na kofia, wakicheka mpaka wakapaliwa. Kisha akasema, "Hebu mpelekee mumeo mchuzi. Kwa aibu aliyo nayo, atamaliza wali mkavu."