Walimtafuta mke wangu wampe majibu ya kansa, tukasema hatumjui

Wakuu, niaje. Leo sina utani. Haya ni yangu mwenyewe, na mtu asinitumie inbox kuniuliza kama nimetunga.

2007 tulikuwa tunaishi Kisumu Ndogo, Kibera, mimi na mke wangu Akinyi. Mimi Mkamba wa Machakos, fundi wa vitanda. Yeye Mjaluo wa kule ziwani, anauza omena, wale dagaa.

Baada ya uchaguzi nyumba yetu ikachomwa, na mbao zangu zote ndani. Tukakimbilia Kabiro, Kawangware, kwa binamu yangu.

Huko jina la mke wangu ndilo likawa shida. Vijana walikuwa wanasimama njiani na mapanga wanauliza watu majina, wajue kabila.

Nikamwambia, "Kuanzia leo wewe ni Mutheu, jina la kwetu Ukambani. Ukiulizwa, Mutheu."

Plot nzima, wapangaji wote, ikakubali kumficha. Jirani mmoja alikuwa anamwita "Mutheu, njoo uchukue maji!" kwa sauti kubwa, makusudi, walio nje wasikie. Sitasahau huo wema.

Mwezi wa pili kanisa moja likaleta daktari, wanawake wapimwe bure kansa ya mlango wa kizazi. Akinyi akaenda. Akaandikisha Mutheu, angefanya nini?

Wakachukua sample. Wakasema majibu ni baada ya wiki mbili, na mwenye shida atafuatwa nyumbani.

Kabla ya hizo wiki mbili, wakubwa wa siasa wakapatana na tukarudi Kibera. Hatukumwachia yeyote namba wala mahali. Siku hizo ulikuwa unahama kimya.

Akinyi aliniuliza kuhusu majibu mara moja tu. Nikamwambia, "Kungekuwa na shida si wangekutafuta?"

Mimi ndiye nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Miaka minne baadaye akaanza kutokwa na damu. Kansa ilikuwa imeenea. Daktari akamuuliza kama aliwahi kupimwa.

"Nilipimwa," akasema. "Hawakuniita."

Nikaenda Kabiro kwa Kanini, mke wa binamu yangu. Nilipomuuliza, akakaa chini kwanza.

"Walikuja, shem. Msichana fulani na karatasi, mara tatu. Anauliza Mutheu ako wapi. Nilidhani wale vijana wameshajua Mutheu ni nani, wamemtuma. Nikamwambia hapa hatujui Mutheu. Plot yote ilisema hivyo. Shem, si tulikuwa tunamlinda?"

Nilitaka kumpigia kelele, nikashindwa. Ningemlaumu kwa lipi?

Hasira yangu ni kwa waliotufikisha mahali mtu anaona karatasi ya hospitali anadhani ni kifo kimekuja. Wao walipeana mikono wakaenda kula. Sisi tulibaki na uoga waliotupandia.

Akinyi alifariki.

Na hapo ndipo watu wakaniudhi kabisa. Kwenye matanga naskia mtu ananong'ona ati hiyo ni kansa ya umalaya, kwa sababu inaletwa na virusi vya kitandani.

Wajinga! Hivyo virusi, HPV, karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu hukutana navyo. Kwa wengi vinaisha vyenyewe. Mwanamume anavibeba bila kuhisi kitu.

Nikasimama mbele ya jeneza nikasema, "Huenda ni mimi nilimletea. Mwenye neno aniambie mimi."

Nilichojifunza nimekilipia. Majibu hayangojwi nyumbani, yanafuatwa. Shida ikionekana mapema, inatibiwa kabla haijakuwa kansa. Na binti yako akiletewa chanjo ya HPV, acha hizo stori za ati itamfanya tasa.

Sasa kabla hujaandika chochote hapa chini, muulize mkeo: ulipimwa lini, na majibu uliyaona kwa macho yako?

Kisha rudi utuambie amejibu nini. Mimi nilipouliza, nilikuwa nimechelewa miaka minne.