Kambo amenifukuza kazi ya kutafsiri

Leo kambo, bibi yangu mzaa mama, amenifukuza kazi mbele ya watu, kwenye kikao cha hadithi.

Mgeni kutoka Wales alitusimulia juu ya mwanamke wa ziwani aliyemkimbia mume mpigaji, akarudi majini na ng'ombe wake wote. Kwanza kwa Kiwelshi, lugha iliyomfanya bibi yake achapwe viboko shuleni, halafu kwa Kifaransa.

Kambo akasimama.

Tangu utoto wake, Katanga ilipojitenga na Kongo, hajasema Tshiluba, lugha ya kwao Kasai, hadharani. Wakati ule Mkasai kujulikana ilikuwa hatari.

"Papa, hadithi yetu iko na mamba," akamwambia mgeni. "Weye mujukuu, tafsiri."

Akaanza kwa Tshiluba, nami nikatafsiri hadi sentensi ya tatu.

"Nyamaza, unaiharibu. Batasikia tu."

Wakasikia. Hata mgeni alicheka pale pale pa kuchekesha.

Kambo wenu wanaficha lugha gani?