Vitufe Vidogo Kama Punje za Ulezi

Mwenzangu wa shule ya jioni aliniambia vitufe vikubwa hunyonya chaji ya simu, nami nikaamini mzima mzima. Mwongozo wa usanifu ulitaka kitufe kitoshe kidole, nikaupuuza. Programu ya simu niliyowatengenezea wakulima wa korosho wa kijiji cha Kurui nikaiwekea "Hifadhi" na "Futa" vidogo kama punje za ulezi, tena vimebanana. Siku ya mwisho ya kujiandikisha kupata salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, mwenyekiti wao, Bi Mwanahawa, alimaliza kuingiza majina ya kijiji kizima. Akashusha kidole. Jasho likanitoka ndoo tatu.

"Mwanangu, mbona kioo kimebaki cheupe?"

"Mama, umegusa Futa."

"Kwani vitufe hivi umewatengenezea sisimizi?"

Nikajitetea kwa habari ya chaji.

"Chaji inaliwa na mwanga wa kioo," akasema Bi Mwanahawa. "Kitufe hakili kitu."