Kibonye cha Nne

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, nilipokea salamu za rambirambi kwenye simu. Ziliandikwa vizuri, na hata aya ya Maandiko ilikuwamo. Zilianza hivi: "Mpendwa JINA, tumepokea kwa huzuni habari za msiba wako." Aliyezituma ni katibu wa kwaya yetu, mtu niliyeketi naye benchi moja kwa miaka mingi. Alisahau kuliondoa neno JINA na kuweka langu. Pengine wewe, msomaji wangu, ungekasirika. Mimi nilinusa iliki.

Nilikulia Eastlands, Nairobi, katika miaka ya tisini, katika safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, upande ule mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko walipitishwa asubuhi wakilia kana kwamba wamekwisha kuambiwa waendako. Mama alifanya kazi kiwandani katika mtaa wa Baba Dogo, na Jumamosi, zamu yake ilipoangukia siku hiyo, aliniacha kwa jirani. Jirani huyu alikuwa mwanamke wa pwani, mjane, ambaye ujana wake wote aliutumia katika ofisi ya simu akichapa maandishi yaliyosafiri kwa waya. Alipostaafu hakuweza kuiacha kazi hiyo, basi akachukua leseni ya redio ya ridhaa, ya watu wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu. Juu ya paa lake alitandaza waya mrefu uliofika hadi mlingoti wa tangi la maji. Mtaa mzima ulimwita Mama Waya. Siku moja mpangaji mgeni aliuanikia waya ule shuka, naye akatoka mbio, leso begani: "Jamani, mnanianikia nguo juu ya ulimi wangu!"

Redio yake haikusema kwa sauti ya mtu. Ilitoa mlio wa miluzi miwili inayopokezana upesi, kisha kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mkono wa pili ikaugeuza mlio huo kuwa herufi kubwa zilizotambaa kwenye kioo. Naye alijibu kwa herufi. Lakini vidole vyake vilikwisha kukakamaa na macho yalianza kuingia ukungu, kwa hiyo mimi, binti wa miaka kumi na mmoja niliyesifiwa shuleni kwa mwandiko, nikawa vidole vyake.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika na kurekebisha makro. Makro ni maneno yaliyotayarishwa mapema na kufungiwa katika kibonye kimoja. Ukikibonyeza, yanatoka yote kwa mkupuo. Kibonye cha kwanza kiliita yeyote anayesikia. Cha pili kilisalimu, na mahali pa jina tuliweka alama ambayo kompyuta iliijaza kwa jina la aliyetuitikia. Cha tatu kilieleza mtambo wetu na hali ya hewa ya Nairobi. Kibonye cha nne kilimwambia mwenzetu jinsi tunavyomsikia, kwa tarakimu tatu: ya kwanza ni kueleweka, ya pili ni nguvu, ya tatu ni usafi wa mlio. Anayesikika bila dosari hupewa tano-tisa-tisa.

Hapo ndipo jirani alipokuwa mkali. Katika kibonye cha nne aliniamuru niache nafasi wazi. Kila mara tulisikiliza kwanza, tukazitazama herufi zinavyofika, ndipo nikachapa tarakimu kwa mkono. Wengine wote hewani, niliona, walikwisha kuifungia tano-tisa-tisa ndani ya makro zao, wakamgawia kila mtu kama pipi za arusi. Nilipomuuliza kwa nini sisi tusifanye hivyo, alisema, "Adabu isiyo na ukweli ni jalala lililonyunyiziwa marashi."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nafasi ile wazi ilinichelewesha, na nje wavulana wa mtaa walikuwa wakinisubiri wanitanie: "Niaje, Madam Redio! Umeniitishia viatu huko majuu?" Basi Jumamosi moja, jirani akiwa jikoni anakanda unga wa mahamri yake ya iliki, nilikifungua kibonye cha nne nikaandika humo tano-tisa-tisa. Nikajiona fundi.

Tulikuwa na rafiki mmoja wa kila Jumamosi, mzee fundi saa wa Songea. Kijana wake alikuwa akisoma ng'ambo, na chuoni kwake mlikuwa na redio kama zetu. Walikuwa wamepatana kukutana hewani Jumapili moja, mara ya kwanza tangu kijana aondoke. Mzee alikuwa akiipandisha na kuigeuza antena yake paani, na kila Jumamosi akituuliza: mnanisikiaje? Jirani alikwisha kuniamini kiasi cha kuniachia mazungumzo hayo. Majuma matatu mfululizo nilibonyeza kibonye cha nne.

Jumamosi ya nne herufi zake zilifika zimekatika-katika, na jirani akazisoma kwa kioo cha kukuzia, taratibu, akijaza mapengo: "Dada, Jumapili iliyopita tulikaa mbele ya redio, mimi na mama watoto, tumevaa nguo za kanisani. Kijana aliita. Sisi tulimsikia. Yeye hakutusikia. Lakini ulisema tano-tisa-tisa, nikashuka paani."

Mahamri yalikuwa yakiungua. Hakuyaendea.

"Nani alimwambia hivi?"

"Kompyuta," nikasema.

"Kompyuta haina masikio, mwanangu."

Nililia. Hakunipiga, wala hakunibembeleza. Alivuta kiti akaketi nyuma yangu. "Kifungue hicho kibonye. Futa. Sasa mwambie mwenyewe."

Nikaandika kwa kidole kimoja, bila makro yoyote: "Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa jirani. Mwenye redio hakukosea. Ni mimi niliyesema uongo." Yalikuwa maneno mazito kuliko yote niliyowahi kuandika. Kisha: "Marahaba. Basi mtoto wa jirani, leo wanisikiaje?"

Nilisikiliza. Kwa mara ya kwanza nilisikiliza kweli, na nikatambua jinsi mlio wake ulivyokuwa mbali, umezama katika kelele kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Nikachapa: tatu-tatu-tisa. Akasema, ngoja. Akapanda paani. Akarudi. Tatu-nne-tisa. Akapanda tena. Asubuhi ile nzima mzee wa watu alipanda na kushuka, nami nikimwambia kila mara habari asiyotaka kuisikia, hadi mama alipokuja kunichukua na kukuta tarakimu ya kwanza imefika tano.

Juma lililofuata alituita kabla hatujamwita. "Jumapili kijana aliita tena, na ametusikia. Mama yake alimuuliza kama anakula. Asante, mtoto wa jirani, kwa kuniambia hunisikii."

Jirani alirudi kwao pwani nilipokuwa sekondari. Waya uliteremshwa, na safu yetu ya nyumba imebomolewa, maghorofa yamesimama mahali pake. Harufu ya iliki haipiti tena ukutani, kwa maana kuta zimekuwa nene. Leo kila mtu amebeba makro mfukoni: pole iliyokwisha kuandikwa, hongera iliyokwisha kuandikwa, moyo mwekundu kwa aliyefiwa na aliyezaa. Tunaambiana tano-tisa-tisa mchana kutwa. Nawalaumu wenzangu, lakini nisijisafishe: siku ile ya rambirambi nami nilikuwa nimeandaa jibu moja la shukrani, nimekwisha kulipeleka kwa watu wengi pasipo kusoma walichoniandikia.

Nililiita jibu hilo, likajaa kwenye kioo. Kisha nikalifuta, herufi moja baada ya nyingine, nikamwandikia katibu: "Ndugu yangu, ujumbe wako umefika, ila jina langu halikuwamo, na leo sikusikii vizuri. Nipigie."

Simu ililia kabla chai yangu haijapoa. Katibu, masikini, alilitaja jina langu. Alikuwa akilia, nami nikamsikia.