Kicheko Mgongoni mwa Mama

Uso wangu haujawahi kucheka. Nilizaliwa nao hivyo Ruiru, umetulia kama sufuria iliyofunikwa, na majirani walionichekea wasijibiwe walisema mtoto huyu ana maringo. Wengine walisema nimerogwa. Nikiwakumbuka hukasirika hadi leo.

Mama hakuwa na nafasi ya maneno yao. Hofu yake ilikuwa macho yangu. Kope hazikufumba hata nikilala, na vumbi la njia ya shamba la kahawa alikochuma lilikuwa likiyamaliza. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuota utando mweupe. Nilikuwa nimepita umri wa kubebwa, lakini alinifunga mgongoni, akanifunika leso hadi kichwani, akaomba kibali cha kusafiri, maana ilikuwa Hali ya Hatari ya wakoloni, akanipeleka Thika kwa daktari Mhindi mwenye kilemba.

Nilimpenda daktari yule papo hapo. Hakunishangaa. Alinipuliza usoni, akanipitishia kidole mbele ya macho, kisha akamweleza Mama kwamba mishipa ya fahamu inayoamrisha uso haikukua tangu tumboni. Ugonjwa huo alikuwa ameusoma vitabuni tu. Kuuponya hakuweza, ila macho angeyaokoa kwa kuzishona kope pembeni, zisibaki wazi mno.

"Lakini mama, toto hii nacheka kweli?" akauliza.

"Anacheka sana, daktari. Mimi husikia na mgongo."

Mama akanitekenya kwapani. "Kuja uweke mkono hapa kwa tumbo."

Akaweka. Tumbo langu lilikuwa likirukaruka, na mzee wa watu akaangua kicheko mpaka akavua miwani.

Alinishona kwa mkono mwepesi ajabu. Nyumbani, kila nilipolala, Mama alinipaka dawa na kunifunga kitambaa, na vidole vyake vilivyochubuliwa na kahawa havikuniumiza hata mara moja. Sijaona muuguzi wa kumfikia. Jicho la kushoto lilibaki na ukungu. La kulia ni zima, na ndilo ninaloandikia haya.

Uzeeni Mama alipofuka. Siku moja nilikuwa namwogesha, ameniegemea kwa mgongo, akaanza kumsema mchungaji wetu anayehubiri mpaka chai ya wageni inapoa. Mimi sikutoa sauti yoyote.

"Haiya!" akasema. "Sasa wewe unacheka nini?"