Kiswahili cha Kufundishia Mbwa

Niliposhuka kutoka Busasamana milimani kuja kuolewa mjini Mbugangari, maneno ya Kiswahili niliyoyajua hayakuzidi vidole vya mikono yangu, na mengi yalikuwa majina ya vitu vya sokoni. Kwetu tulisema Kinyarwanda tu. Mume wangu alikuwa dereva wa kamyo. Alibeba viazi kutoka Mudende kupeleka Goma, mara nyingine hadi Bukavu, na akishaondoka hakuonekana siku nne, tano. Mimi nilibaki uani na mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Ujiji zamani za babu yake. Kinyarwanda alikijua vizuri na sokoni alikisema kutwa, lakini ndani ya ua wake hakukitumia. Mke wa mwanawe atajifunza Kiswahili, alisema, na atakijua kwa kukisikia. Kila asubuhi alinionyesha kitu, akakitaja, nami nikarudia. Chungu. Ungo. Kizingiti. Yakifika maneno matano ananyamaza na kurudi kwenye kazi yake. Nilidhani ananiona mjinga.

Mwezi wa pili baada ya harusi, mume wangu alirudi na mtoto wa mbwa ndani ya kofia. Alipewa na mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Mbwa mwenyewe alikuwa mweupe, sikio moja jeusi, na tumbo limejaa kama kibuyu.

"Bon," mume wangu akasema, akimweka juu ya mawe meusi ya ua. "Huyu atalinda muzigo. Mi nikisimama Goma kunywa chai, yeye anabaki juu ya viazi. We utamufundisha kukaa na kungoja. Mambo mbili tu."

Mama mkwe alimtazama yule mnyama, halafu akamtazama mwanawe. "Mbwa, nyumbani mwangu?"

"Wa uani, Mama. Ndani hataingia."

"Akilamba chungu changu, mkeo atakiosha mara saba, na mojawapo kwa udongo."

"Ataosha."

Mimi sikuulizwa. Katika mazungumzo yote hayo nilielewa neno "saba", na sikulipenda.

Mume wangu alitaka kumpa jina la Kifaransa. Mama akakataa, akasema mbwa hatapewa jina la mtu, awe mtu wa Ulaya au wa hapa. Basi akabaki bila jina, na Mama alipomtaka alimwita "We". Shida ni kwamba mimi pia aliniita "We". Ikitoka hiyo sauti jikoni tuligeuka wote wawili, na mara nyingi yeye alifika kwanza.

Kamyo ilipoondoka nilianza kazi. Sikuwahi kuona mtu akifundisha mbwa popote. Mbwa wa kwetu milimani walizaliwa, wakafuata ng'ombe, wakazeeka, basi. Nilimwomba Mama anipe maneno ya kutumia, naye akanipa: kaa, ngoja, tulia, usitoke, vizuri. Matano, kama kawaida yake.

Nilipanga somo la asubuhi nzima. Nilikuwa na bakuli la vichwa vya samaki vilivyochemshwa, vya kumtunza akifanya vema. Nikamwambia, "Kaa." Nikamkalisha kwa mkono. Alikaa, akanitazama usoni kwa macho ya utii ambayo ungedhani anasikiliza hotuba. Kisha nzi akapita. Aliporudi kutoka kwa nzi nikamkalisha tena, akaona moshi wa jikoni na kwenda kuubwekea. Nikamkalisha. Jani kavu la mgomba likaanguka. Nikamkalisha. Safari hii hapakuwa na kitu chochote, nilihakikisha, lakini aliuona mkia wake mwenyewe.

Kibaya zaidi kilikuwa cherehani ya jirani. Nyuma ya ua wetu wa miti ya miyenzi aliishi fundi nguo aliyeshona barazani kwake, na kila alipokanyaga pedali, yule mbwa alikimbia mpaka kwenye ua, akatia pua kati ya miti na kusikiliza. Fundi akisimama kukata uzi, mbwa anarudi. Fundi akianza tena, mbwa anakwenda. Nilikuwa nafundisha kwa ruhusa ya fundi.

Siku ya sita nilikaa chini juu ya mawe nikalia. Nilimlilia mbwa, lakini nadhani niliilia Busasamana pia, na dada zangu, na lugha ambayo watu wananijibu nikisema. Mbwa alifurahi kuniona chini. Alikuja akalamba machozi, halafu akaacha katikati, shavu la pili hakulimaliza, kwa sababu kuku alikuwa amepita.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, ungo wa maharagwe mapajani, anachambua. Siku zote sita alikuwa pale na hakusema lolote juu ya mbwa.

"Maharagwe tisa," akasema.

Nilijifuta uso. "Nini, Mama?"

"Umemwambia kaa. Nimechambua maharagwe tisa, akaondoka. Jana yalikuwa saba. Juzi manne." Akatupa kijiwe uani. "Anaendelea vizuri. Wewe ndiye unayeharibu."

Nilielewa karibu yote, na hilo lenyewe lilinishtua. "Mi naharibu? Mama, iko na kichwa nguvu, huyu mbwa."

"Hana kichwa kigumu, ana kichwa kidogo. Kinajaa upesi. Akiweza tisa, wewe mwachie kwenye nane. Mpe samaki wake aende akacheze akijiona bingwa. Wewe unangoja mpaka ashindwe, ndipo unamwacha. Kila siku analala ameshindwa."

Kisha nikauliza kitu nilichokuwa nacho moyoni tangu harusi. "Na mi? Kwa nini unanipa maneno matano tu?"

"Nilikupa sita siku ya kwanza," akasema. "La sita ulikuwa unatazama mlima."

Kuanzia hapo tulifanya kazi pamoja, ingawa yeye hakuinuka mlangoni wala hakumgusa mbwa hata kwa ncha ya kanga. Mimi nilisema "Kaa, ngoja", yeye akachambua, na kwenye harage la nane akanipa ishara kwa kichwa. Mimi nikasema "Vizuri", nikatoa samaki, somo likaisha. Tulifanya masomo kumi mafupi kwa siku: kabla ya kuchota maji, baada ya kufagia, maji ya ugali yakingoja kuchemka. Juma lile tulifika maharagwe kumi na nne. Lililofuata, ishirini na mbili. Mama alianza kuchambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

Mimi nami nilikuwa ninasema Kiswahili kutwa nzima bila woga, kwa sababu aliyenisikiliza hakuwahi kunisahihisha. Tatizo ni kwamba kilikuwa Kiswahili cha aina moja.

Alasiri moja, Mama akiwa bafuni anatawadha, alikuja mwalimu wa msikiti kumjulia hali. Alikuwa mzee mpole mwenye ndevu nyeupe, kanzu imepigwa pasi. Alibisha hodi uani. Mimi peke yangu nilikuwa pale. Nilijua ni mgeni mkubwa, nilijua lazima apokelewe vema, na Kiswahili nilichokuwa nacho nikakitoa chote.

"Kaa," nikamwambia, nikionyesha benchi la baraza.

Mzee akakaa. Mbwa naye, aliyekuwa anachimba kando ya ua, akaja mbio na kukaa chini ya ngazi, amenyoosha shingo.

"Ngoja," nikasema. "Usitoke."

Mzee akaweka mikono juu ya magoti. Nilikimbilia jikoni kuchukua chai ya tangawizi, na niliporudi nikawakuta wote wawili hawajasogea, wananitazama. Nilifurahi sana. Nikampa mzee kikombe na kumwambia, "Vizuri."

Akaniuliza habari za wazazi wangu huko milimani. Swali lilikuwa refu, sikulipata lote, nikaona bora nimtoe wasiwasi. "Tulia," nikamwambia.

Mama alitokea mlangoni wakati huo, uso bado una maji. Alimtazama mzee aliyekaa wima na kikombe chake. Alimtazama mbwa aliyekaa wima vilevile. Akanitazama mimi.

"Mama," mzee akasema kwa heshima, "mke wa mwanao amenipokea vizuri mno. Ila sijui kama nimeruhusiwa kusimama kukusalimia."

Sikuwahi kumsikia Mama akicheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, na mzee akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanzu, nami nikacheka pamoja nao bila kujua tunacheka nini. Nilielezwa baada ya mzee kuondoka, kwa Kinyarwanda, mara ya kwanza Mama kukitumia ndani ya ua ule. Nilitamani ardhi ya Mbugangari inimeze. Alinikanda bega na kusema tutaanza upya.

Tukaanza upya. Karibu. Uketi. Tafadhali. Subiri kidogo. Ahsante. Kwa kuwa mazoezi yangu yote niliyafanya na mbwa, maneno haya pia niliyafanyia mazoezi kwa mbwa. Hatukukumbuka kwamba na yeye anajifunza. Baada ya majuma mawili, ukimwambia "Kaa" alikutazama kama mtu aliyetukanwa na kuendelea na shughuli zake. Ukimwambia "Karibu uketi, tafadhali", alikaa papo hapo, maharagwe thelathini.

Mume wangu aliporudi kutoka Bukavu alitaka kuona kazi yetu. Alisimama katikati ya ua na kuamrisha, "Kaa." Mbwa akanusa kiatu chake. "Assis," akasema, amri ileile kwa Kifaransa cha barabarani. Mbwa akaenda kusikiliza cherehani.

"Hamukumufundisha kitu," akasema.

"Karibu uketi, tafadhali," nikasema. Mbwa akaja na kukaa.

Mume wangu alimtazama mbwa, akanitazama mimi, na sijui ni kipi kilimshangaza zaidi, utii wa mbwa au Kiswahili changu. "Donc mwizi akija Goma," akasema polepole, "huyu atamukaribisha?"

"Mjaribu kwanza," Mama akasema kutoka mlangoni. "Mbwa wako ana adabu."

Alimjaribu mara moja tu. Walikwenda Goma asubuhi, wakarudi kabla ya magharibi, na mbwa alishushwa kwenye kamyo kabla ya dereva. Mume wangu alisimulia akiwa amesimama. Alikuwa amemwacha juu ya magunia, akaingia kwa mteja wake wa siku zote. Mteja akampokea kama watu wanavyopokeana: karibu, karibu uketi, tafadhali. Kabla mume wangu hajakaa, mbwa alikuwa ameruka chini, ameingia ndani ya duka na kuketi mbele ya mteja akingoja kichwa cha samaki. Mteja alifurahi sana na kumpa. Viazi vilikaa vyenyewe barabarani mpaka chai ikaisha, na hakuna aliyevigusa. Tangu siku hiyo mume wangu alifunga mzigo wake kwa turubai na kamba, na mbwa akawa wetu, mimi na Mama.

Kiangazi kilipofika nilipata ruhusa ya kwenda kuwasalimu wazazi, nikamchukua mbwa. Tulipanda njia ya Busasamana taratibu, kwa sababu kila jiwe lilikuwa jipya kwake. Uani kwa baba aliwaona ng'ombe wenye pembe ndefu kwa mara ya kwanza, akaingia chini ya kanga yangu na kutoa pua tu.

Mama yangu mzazi alicheka. Akaniuliza, kwa lugha yetu, huyu mbwa wa mjini anajua kufanya nini.

"Anajua kukaa," nikamwambia.

"Mbwa wote wanakaa."

"Huyu unamkaribisha kwanza."

Alinitazama vizuri, kama mtu anayetafuta homa usoni, kisha akanishika mkono tukaingia ndani kula.